Jina la Mama Xaveria

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na wala si siku ya harusi yangu. Ni siku niliyokaa kwenye benchi la mama ntilie pale Kitai, nikisubiri basi la kwenda Mbinga mjini, fomu ya chama iko magotini, nikaandika jina la mtu mzima aliye hai bila yeye kujua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Akili nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba uhakika niliokuwa nao ulikuwa mkubwa kuliko akili.

Nakusimulia kwa sababu najua mwaka huu nawe una mtu wako. Nimekuona ukiwa na simu: unasoma, unasonya, unaandika, unafuta, unaandika tena. Chakula kinapoa. Mama yako akikuita unaitika "naam" lakini huendi. Sikulaumu. Aliyewahi kumtaka mtu mmoja kati ya wengi awe rais wake anaijua homa hiyo, nami niliugua kabla hujazaliwa.

Enzi hizo nilikuwa katibu wa tawi letu la chama kule Matiri. Usidhani ni cheo kikubwa. Nilikuwa na mwandiko mzuri tu, masista walitufundisha kwa fimbo, basi wazee wakasema huyu binti Osmunda ndiye atutunzie daftari. Humo mlikuwa na jina la kila mwanachama na namba ya kadi yake.

Mwaka huo chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kumsimamisha kugombea urais, na waliojitokeza walikuwa wengi hata redio ilichoka kuwataja. Kila mmoja alipaswa kuzunguka mikoani kutafuta wadhamini, yaani wanachama wa kawaida kama sisi, waandike jina na namba ya kadi na kutia saini kwamba huyu tunamwona anafaa. Asiyejua kuandika alitia dole gumba. Na sheria ilikuwa moja, kali: mwanachama mmoja, mtia nia mmoja. Ukidhamini wawili, umevunja kanuni.

Wangu mimi jina lake sitalitaja, ameshatangulia, aachwe apumzike. Vijana tulimwita Bwana Lami, maana kila aliposimama alizungumzia barabara. Wengine walimcheka. Mimi sikucheka. Dada yangu Eusebia aliolewa kule Tingi, upande wa ziwani, na masika ya mwaka uliotangulia uchungu ulimshika, wakampakia kwenye lori wampandishe hospitali Mbinga. Leo ninyi mnateremka mpaka Mbamba Bay mkiwa mmelala ndani ya basi, hamjui hata mlima ulipoanzia. Enzi zile ilikuwa tope jekundu na majabali. Lori lilikwama mlimani tangu asubuhi hadi alasiri. Eusebia alijifungulia chini ya turubai, wanawake wawili wakimshika mikono, na mtoto hakulia. Dada alipona. Lakini tangu siku ile, mtu akitamka neno lami, mimi nilikuwa nasimama kama askari.

Kwa hiyo Bwana Hassani aliponiita, sikuuliza mara mbili. Huyu Bwana Hassani alikuwa na duka la vitenge Mbinga mjini. Babu yake alitoka Kilwa, na yeye mwenyewe alizungumza taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayepima kitambaa. Ndiye aliyekuwa mratibu wa Bwana Lami wilayani kwetu.

"Binti Osmunda," akaniambia, "sehemu yako ni majina mia moja. Tisini na tisa si mia. Pakiwa na pengo, fomu yako yote inawekwa kando. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bwana Hassani."

"Na Ijumaa jioni ninazipeleka Songea. Usiniangushe."

Nilizunguka, mwanangu. Ulikuwa wakati wa kuchuma kahawa, nikawa nawafuata watu shambani, wanasaini juu ya kitako cha debe. Nikateremka Tingi nikalala kwa dada, asubuhi nikaenda mpaka pwani ya ziwa. Wanawake waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu, walifuta magamba kwenye kanga zao ndipo wakashika kalamu. Mmoja aliniambia, "Huyu wa barabara? Niandike haraka kabla hajabadili mawazo." Tulicheka wote. Matumaini yalinijaa hadi kooni.

Kwetu Matiri mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kulikuwa na mtia nia mwingine aliyezungumzia kahawa, na usimwambie Mmatengo habari za kahawa ukategemea atakuacha umalize sentensi. Wengi walimpenda. Tulianza kubishana baada ya misa, kisha kabla ya misa, mwishowe hata kwaya yetu ikawa inaimba vibaya kwa sababu sauti ya kwanza haikutaka kuisikiliza ya pili.

Kati ya wote niliowafuata alikuwepo Mama Xaveria, mama yangu wa ubatizo. Mjane, shamba lake la kahawa safi kuliko la wanaume wengi, hajui kusoma lakini hakuna aliyewahi kumpunja. Nilipompelekea fomu aliitazama kwa muda mrefu.

"Acha nifikiri, mwanangu," akasema. "Jina ni kama mche wa kahawa. Ukishaupanda utautazama miaka mingi."

"Mama, muda hakuna."

"Muda upo. Ni wewe umeukimbia."

Ndivyo nilivyofika Kitai siku ya Ijumaa, nimetoka nyumbani, basi limechelewa, nikaagiza chai, nikahesabu majina. Tisini na tisa. Nikahesabu tena kwa kidole, tisini na tisa, langu likiwemo. Kurudi Matiri siwezi, na pale Kitai simjui hata mwanachama mmoja. Daftari la tawi lilikuwa ndani ya mkoba, na ndani ya daftari namba ya kadi ya Mama Xaveria.

Nikajiambia: amesema atafikiri. Na mtu mwema akifikiri, atafika pale nilipo mimi. Ona shetani anavyojua kujenga hoja! Nikaandika jina lake kwa mwandiko ule mzuri wa masista. Nikatoa kidau cha wino, nikachovya dole gumba langu mimi, nikaligandamiza mbele ya jina lake. Kisha nikaifuta mikono na kumalizia chai. Ilikuwa bado moto. Ilichukua muda mfupi kiasi hicho.

Bwana Hassani aliyahesabu majina dukani kwake, akatabasamu, akaniambia mimi ni simba jike. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumapili, tukitoka kanisani, Mama Xaveria akanishika mkono, akanivuta pembeni ya mnara wa kengele.

"Osmunda, usinisubiri tena," akasema. "Nimeshaweka dole kwa yule wa kahawa, tangu Jumatano, ulipokuwa ziwani. Nimetaka nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu ukaona nimekudharau."

Nikasema, "Haidhuru, mama." Ulimi ulikuwa mkavu kama jani la mgomba wa kiangazi.

Hebu fikiria. Mtu amenitafuta kwa heshima anieleze ukweli mdogo, wakati mimi nimemfanyia uongo mkubwa. Na haikuishia hapo. Jumatatu asubuhi katibu wa kata akapita na taarifa: uhakiki wa wadhamini utaanza Songea siku ya Jumatano, na yeyote atakayeonekana amedhamini wawili ataitwa mbele ya kamati, atanyang'anywa kadi, jina lake litasomwa kwenye mkutano wa tawi.

Litasomwa kwenye mkutano wa tawi! Na msomaji ni nani, kama si katibu wa tawi?

Sikuweza kula. Nilikuwa na hofu tatu, na kwa aibu nakuambia zilivyopangana. Ya kwanza, fomu ya Bwana Lami itatupwa. Ya pili, nitagundulika. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ya Mama Xaveria, kwamba ataitwa ndumilakuwili mbele ya watu waliomheshimu maisha yake yote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mapema, hata jino la kwanza halijaning'oka.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo dada Eusebia akafika kutoka Tingi, kapu la usipa kichwani, kuja kutusaidia kuchuma. Aliniangalia mara moja tu akatua kapu.

"Una nini?"

Nikamwambia yote. Nikamalizia kwa kulia, nikasema, "Nimefanya kwa ajili yako, dada. Kwa ajili ya yule mtoto."

Sijawahi kumwona dada yangu akibadilika uso namna ile.

"Usinitumie," akasema. "Umesikia, Osmunda? Mwanangu alizaliwa amenyamaza. Hajakutuma kwa mtu. Usimfanye mwizi wa majina ya watu, hata jina lake mwenyewe hakulipata."

Akachukua kapu lake akaingia jikoni. Mimi nikabaki nimesimama uani. Mwanangu, nimekemewa na mapadre, na wakwe, na wakubwa wa kazi. Hakuna kemeo lililowahi kuniingia kama hilo.

Nikaenda. Nilimkuta Mama Xaveria anamenya kahawa, anazungusha mkono wa mashine, maganda mekundu yanadondokea upande huu na buni upande ule. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, shika ndoo hiyo unimwagie maji." Nikamwagia. Na maji yakiwa yanashuka nikasema. Sikupamba.

Hakuacha kuzungusha. Alipomaliza kahawa iliyokuwa ndani ndipo akasimama.

"Ulitia dole gani?"

Nikamwonyesha.

Akanyoosha la kwake. Lilikuwa na kovu la mundu, lililolikata katikati kutoka ukucha hadi kiungo. "Hili wakilitazama na la kwako wakalitazama, hata mtoto atajua," akasema. "Nani mwingine anajua?"

"Dada Eusebia tu."

"Basi bado ni ufa. Tuuzibe kabla hatujalazimika kujenga ukuta. Kesho alfajiri tunakwenda kwa huyo mwenye duka lako."

"Mama, hukukasirika?"

"Nimekasirika sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile. "Nitakasirika vizuri tukisharudi. Sasa hivi hakuna nafasi."

Bwana Hassani alikuwa anafungua milango ya duka tulipofika. Nikamweleza mbele ya vitenge vyake vyote. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkono kichwani, akasema, "Binti, umenimaliza." Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Mbinga walilizungumza kwa muda: alifunga duka siku ya kazi. Tukapanda basi la Songea watu watatu, yeye mbele, sisi nyuma, na njia nzima hakugeuka kunitazama.

Nilikuwa nikiomba rozari kwa vidole. Niliomba mambo mawili yasiyopatana: ofisi iwe wazi, na ofisi iwe imefungwa.

Ilikuwa wazi. Afisa aliyekuwa mezani alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza, akakuna shavu, akasema, "Leo jina linaweza kufutwa, mratibu akisaini na mwenye jina akiwepo mwenyewe. Kesho tukishaanza, haiwezekani." Akamtazama Mama Xaveria. "Wewe ndiye mwenye jina?"

"Ndimi. Na dole langu ni hili, la kwenye karatasi silijui."

Afisa akapiga mstari. Bwana Hassani akasaini. Nikaona jina lile zuri limelala chini ya wino mwekundu, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Jumapili. Basi, yule mama ametoka salama.

Lakini afisa akaendelea. "Sasa hapa mna tisini na tisa. Fomu hii itakaa kando."

Bwana Hassani akainama. Nikafikiri juu ya wale wanawake wa ziwani na magamba ya usipa, majina yao yote yanakwenda kando kwa sababu yangu, nikaona bora ardhi ipasuke.

Mama Xaveria ndiye aliyekohoa.

"Bwana Hassani, samahani, mimi sijui kusoma. Jina la kwako liko ukurasa wa ngapi?"

Yule bwana akasugua viatu vyake sakafuni. "Mama, mimi ni mratibu..."

"Mratibu ana kadi?"

"Anayo."

"Ameshamdhamini mtu mwingine?"

"Hapana, hapana."

"Sasa?"

Ikabidi aseme, maana macho ya yule mama hayakuwa na mlango wa kutokea. "Mimi ni mfanyabiashara, mama. Wateja wangu wengine ni watu wa kahawa. Nilisema jina langu lisionekane kwenye karatasi, nisubiri nione upepo."

"Mganga hajigangi," akasema Mama Xaveria. "Umewatuma mabinti wa watu wakahangaike vilimani kuleta majina, la kwako umelifungia kabatini na vitenge. Ungekuwa umeandika tangu siku ya kwanza, huyu mtoto asingehesabu tisini na tisa."

Hilo halikunitoa hatiani, na yeye hakukusudia linitoe. Lakini Bwana Hassani alicheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akatoa kadi mfukoni, akaandika jina lake lote mpaka la babu wa Kilwa. Afisa akahesabu. "Mia moja," akasema, akagonga muhuri.

Mwanangu, kile kishindo cha muhuri! Nimesikia kengele za Pasaka, nimesikia wanangu wakilia kwa mara ya kwanza, na bado muhuri ule nauweka karibu nao. Kurudi, Bwana Hassani alikaa na sisi nyuma. Basi liliposimama akatununulia ndizi za kuchoma, na Mama Xaveria akala, akasinzia begani kwangu, nami sikuthubutu kusogea nisimwamshe.

Alikasirika tuliporudi, kama alivyoahidi. Alinituma nikaieleze kamati ya tawi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasimama mbele yao. Wakaninyang'anya daftari, na walikuwa na haki. Miaka miwili nilikaa bila kulishika.

Na ule mchuano? Walichujwa wakabaki watano: Bwana Lami yumo, yule wa kahawa hayumo. Wakabaki watatu: Bwana Lami yumo. Siku ya Mkutano Mkuu tulikusanyika uani kwa Mama Xaveria, watu wa barabara na watu wa kahawa, redio iko juu ya meza katikati ya vichanja vya buni. Alasiri wakatangaza. Akapita wa tatu, ambaye kijijini kwetu hakuna aliyekuwa amemdhamini hata kwa bahati mbaya.

Nilisubiri nilie. Machozi hayakuja. Nilipapasa ndani yangu kama mtu anayepapasa jino lililokuwa likiuma, nikakuta pamepoa. Tulikuwa tumeshindwa kwa mia moja halali, na aliyekaa kando yangu akigeuza kahawa yake ni mama yangu wa ubatizo, jina lake safi, hasira zake zimekwisha. Mtu mmoja wa sauti ya pili akaanzisha wimbo. Sisi wa sauti ya kwanza tukausikiliza kidogo, kisha tukaupokea. Bwana Hassani naye watu wa kahawa walimnunia wiki mbili, halafu vikaingia vitenge vipya.

Sasa nisikilize, maana jua linashuka na wewe una shughuli zako. Mpende mtu wako, mpiganie, tembea kwa miguu umtafutie watu. Siasa bila moyo ni ugali bila mboga. Lakini usiamini kwamba ubaya unageuka kuwa mzuri kwa sababu machozi yaliyoutangulia ni ya kweli. Uchungu wako ni wako, wala haukupi ruhusa juu ya jina la jirani. Kabla hujasambaza neno juu ya mtu, kabla hujamsemea asiyesema, mwendee umwulize, na akikujibu "acha nifikiri", mwache afikiri. Na ukikosea, kwa maana utakosea, liseme likiwa bado dogo, kwa yule uliyemkosea kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema. Nami naongeza, ukishajikwaa chochote, piga kelele usaidiwe kuinuka. Rais atapatikana tu, awe wako au wa mwenzio. Siku inayofuata mtaombana chumvi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mtu wa kumpigania kwa moyo, na mtu wa kukukemea akikupenda. Akupe ujasiri wa kusema kweli mapema, na usingizi mzuri baada ya kuisema. Nenda, mama yako anakuita kwenye chakula, na safari hii itika uende.